Kompyuta Ilimpa Sululu Kijani

Tuliachana nikiwa nimeganda mlangoni mwa chumba cha kupimia uzito, natazama maji yakitiririka mezani. Sululu alikuwa amemimina jagi zima pembeni ya kikombe. Kisha akakiinua kikombe kitupu, akanywa, akafuta mdomo, akaniambia, "Asante, mama. Maji baridi."

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni karani wa chama cha ndondi. Mabondia huniita Mama Fomula. Sululu ni bondia aliyekuja kutoka mji mwingine kupigana na mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye watu humwita Kifuniko, kwa maana akijifunika na glavu zake huoni hata sikio. Mama yetu alipofariki nilimlea mimi. Pambano lao lilikuwa alasiri ya siku ile ile.

Sheria ya chama ni moja na haina mjadala. Bondia akiangushwa kwa nokauti, hapandi ulingoni mpaka ipite miezi mitatu, ubongo upoe. Na anayeihesabu miezi hiyo si daktari wala Katibu. Ni makro niliyoiandika mimi kwa vidole vyangu hivi.

Makro ni maagizo unayoiandikia kompyuta, ili kazi ya kutwa nzima iimalize kwa kubonyeza mara moja. Yangu ilichukua tarehe ya nokauti, ikaongeza miezi mitatu, ikalinganisha na leo. Muda ukitimia, jina la bondia linageuka kijani. Usipotimia, linabaki jekundu.

Asubuhi ile jina la Sululu lilikuwa kijani kibichi, kama nyasi za masika.

"Mdogo wangu," nikamwita mke wa Sululu, binti mwembamba aliyekuwa amelikumbatia begi la mumewe. "Mwenzako ana nini?"

"Uchovu wa safari tu, dada."

"Ameniuliza choo kiko wapi, na ndiko anakotoka."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekuomba uishie hapo.

"Mara ya mwisho aliangushwa lini?"

"Si mwezi uliopita? Tarehe nne. Alilala pale chini mpaka nikavua viatu nikapanda ulingoni mwenyewe." Akanitazama. "Kwani kompyuta yenu haijui?"

Kompyuta yetu ilijua jambo jingine kabisa.

Nikakimbia ofisini. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi: meza mbili, kabati la chuma, na feni inayohamisha vumbi kutoka pembe hii kwenda ile. Nikalifungua jedwali. Sululu: nokauti tarehe tisa, mwezi wa nne. Mapumziko yamekwisha zamani. Ruksa.

Nikalifungua faili lililotumwa na daktari wa mji wao. Humo imeandikwa 4/9.

Nne, mwezi wa tisa. Ndivyo tunavyoandika sote: siku kwanza, mwezi baadaye. Lakini makro, ikikutana na tarehe iliyochapwa kama maneno, huanza na mwezi. Basi ikasoma mwezi wa nne, siku ya tisa, ikaridhika, ikaongeza miezi yake mitatu, ikapaka rangi.

Mtauliza, mbona hukuliona kosa mapema? Kwa sababu ilikuwa inakosea kwa adabu. Ukiipa tarehe ishirini ya mwezi wa tisa, inautafuta mwezi wa ishirini, haiupati, inageuza yenyewe na kukupa jibu sahihi. Kosa lilijibanza kwenye siku kumi na mbili za kwanza za mwezi, na mapambano yetu karibu yote huwa mwishoni. Siku niliyoijaribu mbele ya Katibu, majibu yalitoka sawasawa. Katibu akanipigia makofi. Nami nikavimba kama mkate jikoni.

Katibu wa chama nilimkuta ukumbini anajaribu kipaza sauti.

"Katibu, Sululu hapigani leo."

"Kasema nani?"

"Mimi. Makro imesoma tarehe kinyume. Ameangushwa juzijuzi tu, kichwa chake bado kibichi. Hata kikombe hakioni."

Akakizima kipaza sauti. "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi niwe wa mwisho pia."

Alinikamata juu ya kiwiko, akabana mpaka nikasimama kwa ncha za vidole. "Watu wamejaa mpaka madirishani. Niwaambie nini? Kwamba Mama Fomula hajui kutofautisha nne na tisa?"

"Waambie hivyo hivyo. Aibu ni yangu."

"Aibu ni ya chama! Kompyuta imesema kijani. Daktari wa ulingo ameona kijani. Kaa kimya."

Akaniburuta hadi ofisini, akaifunga ile kompyuta mpakato, akaitupia kwenye kabati la chuma na kugeuza ufunguo. Nilipoudaka mkono wake, alinipiga kiwiko cha kifua. Niliiangukia meza, meza ikaiangusha feni, na feni ikanikata kidole kabla haijazimika.

"Tena fikiria," akasema akinyoosha koti. "Dada wa Kifuniko anamtoa mpinzani wa Kifuniko ili Kifuniko ashinde bila jasho. Watu wa Sululu watakuelewaje?"

Akatoka. Nikakifunga kidole kwa pindo la kitenge, nikatoka nyuma yake.

Alilosema lilikuwa kweli. Nilikwenda kwenye chumba cha kuvalia cha akina Sululu, na mlangoni nikamkuta kaka yake mkubwa. Huyu ana bucha kwao, na ndiye anayemsimamia mdogo wake kwenye kona. Mikono yake ni mapande ya mbuyu, na shingo hana.

"Kaka, naomba dakika moja. Mdogo wako..."

"Wewe si dada wa yule?"

"Ndiyo, lakini nisikilize, mdogo wako asi..."

Sikumaliza. Aliniweka kiganja usoni, kiganja kizima, kama mtu anayefunga dirisha, akasukuma. Kisogo changu kiligonga ukuta wa pili wa korido. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa sakafuni, na yeye amenisimamia.

"Mmeanza uchawi wenu kabla hata ya kengele? Rudi kwenu. Nikikuona tena mlango huu nakukatakata."

Mlango ukafungwa. Ndani nikamsikia Sululu anauliza, "Kaka, leo tunapigana na nani?" Wakacheka wote. Walidhani ni mzaha.

Nilibakiwa na mtu mmoja.

Kifuniko alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono imenyooshwa, Kocha anamfunga bendeji. Kocha huyu ni mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Amemfundisha mdogo wangu tangu alipokuwa anapigana na magunia ya mchanga.

"Dada, mbona damu?"

Nikamweleza. Yote: nne, tisa, kikombe, Katibu, kabati, na kwamba kichwa kile kikiguswa tu ni kifo. Nilieleza kwa kuhema. Kocha alikuwa bado anazungusha bendeji, polepole.

"Jitoe," nikamwambia. "Sema unaumwa tumbo. Sema lolote."

Kifuniko alikitazama kiganja chake. "Nje pale wamekaa mabondia wawili wa akiba, glavu mapajani. Nikijitoa mimi, anaingia mmojawapo. Huyo hajui habari ya nne wala tisa. Atampiga Sululu kichwa mpaka kitoke."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naingia mimi. Nampiga mbavu, nampiga tumbo. Kichwa sigusi. Akichoka atakaa chini mwenyewe, twende nyumbani."

Kocha akaitupa bendeji. "Wewe una wazimu? Yule ana ngumi kama nyundo ya mawe! Utapigana naye huku umejifunga nusu?"

"Nimeshasema, Kocha."

"Na dada yako huyu amekuja kukuroga au kukuombea?"

"Niapie," nikasema. Nilimshika masikio yote mawili, kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mtoto. "Niapie kwa kaburi la mama."

"Naapa kwa kaburi la mama. Kichwa sigusi."

Nikamwamini. Mpaka leo naamini wakati ule alisema kweli.

Nilijaribu kumfikia daktari wa ulingo. Walinzi wakanizuia kwenye utepe. Nikapaza sauti, muziki ukaimeza. Nikapunga mikono, daktari naye akanipungia akitabasamu, amedhani namtakia kazi njema. Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza Kifuniko alifanya alichoahidi. Kushoto mbavuni, kulia tumboni, anajifunika, anarudi nyuma. Sululu alikuwa anamfuata kama ng'ombe aliyeona mlango wazi. Kichwa kile kiliharibika, ila mikono ilikumbuka kazi yake yote. Konde moja lilipita katikati ya glavu za mdogo wangu, na mdomo wa juu ukapasuka kama zambarau.

Ukumbi ukapiga kelele. Mimi nilijiuma ngumi.

Raundi ya pili jicho la kushoto la mdogo wangu lilifumba kwa uvimbe. Raundi ya tatu nilisikia ubavu wa Kifuniko ukilia, na nilikuwa nimesimama mbali. Kila mara uso wa Sululu ulibaki wazi mbele yake, hauna ulinzi, hata mimi ningeuweza. Na kila mara mdogo wangu alishusha mkono, akapiga chini.

"Anaogopa!" watu wakaanza kuimba. "Kifuniko cha karai! Kifuniko cha karai!"

Kwenye kona Kocha alimzaba kofi. Nilikuwa nimejipenyeza mpaka nyuma ya kiti chake, nikamsikia kila neno.

"Kichwa! Unataka ufe wewe? Kichwa!"

Kifuniko akatema damu kwenye ndoo. "Nimeapa."

"Umeapa, nani atakuzika? Dada yako?"

"Tupa taulo!" nikapiga kelele. "Kocha, tupa taulo, yaishe!"

Kocha akalikunja taulo, akalikalia.

Raundi ya nne Sululu alimsukuma kwenye kamba. Alimpiga, akampiga, akampiga. Refa akaingia katikati, akatoka. Kisha Sululu akashusha kipaji chake cha uso na kumgonga nacho mdogo wangu juu ya jicho, lile moja lililobaki. Ngozi ikafunguka. Damu ikashuka kama pazia.

Wengine wanasema Kifuniko alikuwa haoni tena, kwamba alirusha mkono gizani kama mtu anayezama. Nimelisikia hilo mara nyingi, na limesemwa kwa nia njema.

Ila mimi nilikuwa karibu. Aliifuta damu kwa glavu. Akageuza shingo, akanitafuta, akaniona. Jicho lile jekundu lilitulia juu yangu, na nililielewa vizuri kuliko maneno. Lilikuwa linaniambia: dada, nimechoka.

Kisha akageuka, akapiga.

Ilikuwa ngumi moja tu, ya kulia, chini kidogo ya sikio. Haikuwa hata kali. Sululu akasimama kama mtu aliyesikia ameitwa jina. Akatabasamu. Halafu magoti yakaachana naye, akaanguka kama gunia lililokatwa kamba, na kisogo chake kilipogonga mbao, ukumbi mzima uliusikia mlio.

Refa alihesabu mpaka tano, akaacha.

Mke wa Sululu alipita chini ya kamba tena. Safari hii hakuvua viatu.

Sijui nani alirusha kiti cha kwanza. Kilipita juu ya kichwa changu na kumgonga mtu aliyekuwa anashangilia. Cha pili kiliangukia meza ya waamuzi. Baada ya hapo hakukuwa na viti, kulikuwa na mvua ya vyuma. Watu wa mji wao walikuwa upande wa mlango, watu wetu upande wa dirisha, na kilichokuwa katikati kilikanyagwa.

Kaka yake Sululu aliruka ulingoni na kile kigoda cha kukalia kwenye kona. Kifuniko alikuwa amepiga magoti kando ya Sululu, glavu bado mkononi, anajaribu kumtoa kinga ya meno asisongwe. Hakumwona. Kigoda kilishuka mgongoni. Kikapanda, kikashuka tena.

"Mwache!" Nikapanda. Siijui kamba niliivukaje kwa umri huu. Nilimrukia yule mwenye bucha mgongoni, nikamng'ata sikio, na nilionja chumvi ya damu. Alijipukuta mara moja. Nikaruka hewani, nikatua kwa uso kwenye nguzo ya ulingo, na jino langu la mbele likabaki pale pale.

Nililala pale nikitazama juu. Kigoda kikanijia. Kifuniko akajitupa juu yangu, akajifunika, akanifunika na mimi. Vipigo vinne vilimwangukia yeye ambavyo vilikuwa vyangu. Nilivihisi vyote kupitia kifua chake.

Polisi walipoingia hawakuuliza nani ni nani. Rungu halichagui kabila la kichwa. Waliupiga ukumbi mpaka ukanyamaza.

Na katika ukimya ule, Sululu alikuwa bado amelala, mkewe anampepea kwa tangazo la pambano, lenye picha yake akiwa ameinua mikono juu.

Hospitali walinishona fizi, wakaniambia niende zangu. Nilikwenda wodi ya mahututi. Binti yule alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, begi la mumewe bado mapajani.

Aliponiona alisimama. Akavua ndala yake taratibu, akanipiga nayo usoni. Akanipiga tena, na tena, kwenye mashavu, kwenye kile kidonda kipya. Sikuinua mkono. Nesi mmoja alitaka kumzuia, nikamwashiria amwache.

"Ulijua," alisema. Kila neno lilikuja na ndala yake. "Ulikuja. Ukaniuliza. Nikakuambia. Ukakimbia. Nikajua, huyu mama ameenda kutusaidia. Nikakaa nikisubiri. Nikakaa!"

"Nilijaribu, mdogo wangu."

"Ulijaribu wapi? Mbona yeye yumo humo ndani na wewe uko hapa?"

Nikautazama mlango wa wodi.

Akaiacha ndala ianguke, akakaa, akalilalia lile begi. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Tukakaa hivyo, hakuna aliyemfukuza mwenzake, mpaka askari wawili walipokuja kunichukua.

Kituoni walinipeleka kwa inspekta, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya kubembeleza watoto. Mlango wa chumba chake uliachwa wazi. Kupitia mlango huo nilimwona Kifuniko kwenye benchi la ukumbini, pingu mkononi, uso umevimba mpaka mimi mwenyewe nilimtambua kwa masikio. Kando yake askari. Upande wa pili Katibu na koti lake, na Kocha anayetazama viatu.

"Kaa, mama," inspekta akasema. "Pole na jino."

"Ahsante."

"Hii kesi ningeweza kuifunga sasa hivi. Watu wawili wamepanda ulingoni kwa hiari yao, mmoja ameumia. Ndondi ni ndondi. Lakini nimepewa maelezo mawili yasiyokaa chungu kimoja." Akageuza kalamu. "Katibu anasema hakujua lolote kuhusu hali ya Sululu. Anasema kompyuta yako ilikosea, na wewe hukumwambia mtu yeyote kabla ya pambano. Si yeye, si daktari, si mtu."

Nikageuka kumtazama Katibu. Katibu akatazama dari.

"Kocha naye anasema ulijua. Anasema uliingia kwenye chumba cha kuvalia, kidole kinavuja damu, ukamweleza mdogo wako kwamba kichwa cha Sululu kikiguswa tu, atakufa. Mdogo wako akaapa hatakigusa. Kisha akakigusa."

"Kocha amesema hivyo?"

"Ameweka na saini. Anasema yeye alimkataza."

Nikasikia kicheko, nikagundua ni changu, kinapita kwenye pengo la jino. Alimkataza! Aliyelikalia taulo!

"Sasa unaona tatizo langu," inspekta akaendelea kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Maneno ya Katibu yakiwa kweli, mdogo wako alikuwa hajui. Anaenda nyumbani leo. Makosa yanabaki ya kompyuta, na kompyuta ni wewe. Maneno ya Kocha yakiwa kweli, mdogo wako alimpiga mtu mahali alipoambiwa kuna mauti. Hilo silo pambano tena. Lina jina lingine mahakamani."

Niliona mtego wote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa ndani ya shimo. Katibu alikuwa anasema uongo, na uongo wake ulikuwa unamwokoa ndugu yangu. Kocha, mnafiki yule, alikuwa anasema ukweli, na ukweli wake ulikuwa unamfunga. Nikitaka kumwangusha Katibu kwa mkono alionikamata, kwa ufunguo aliougeuza, lazima niseme nilijua. Na nikisema nilijua, watauliza: ulimwambia nani tena?

Na mkewe Sululu? Nikinyamaza, yule binti ataishi maisha yake yote akiamini nilikaa na siri nikatazama pambano.

Simu ya mezani ikalia.

Inspekta akapokea. Alisikiliza. Hakusema neno zaidi ya "naam" na "saa ngapi." Akairudisha simu polepole, akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Sululu amefariki," akasema.

Nje ukumbini Kifuniko alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu pingu ilitikisika. Hakulia. Aliinua ule uso uliovimba, na lile jicho jekundu likanitafuta tena, kama lilivyonitafuta kutoka kwenye kamba.

"Mama," inspekta akaivuta karatasi nyeupe, "nakuuliza mara moja tu, na utakalosema naandika. Kabla ya pambano, ulimwambia nini mdogo wako?"

Katibu akaacha kutazama dari. Kocha akaacha kutazama viatu.

"Dada," Kifuniko akaita kutoka benchini. Maneno yalimtoka kwa shida, yakiwa yamelowa damu. "Dada, sema."

Hakuniambia niseme lipi.